Oak Park: Kijiji Kilichokataa Kukimbiana

Kwa sheria za jimbo la Illinois, Oak Park ni kijiji. Ukifika hutaona shamba wala zizi. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 54,583 katika eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Kuna njia tatu za treni za kwenda katikati ya Chicago, kuna majengo ya ghorofa yaliyojaa wapangaji, na upande wa kusini barabara kuu ya magari imechimbiwa chini na kukipasua kijiji vipande viwili. Hata hivyo kina rais wa kijiji na baraza la wajumbe sita, na hao ndio wenye kauli kuhusu ujenzi, polisi, taka, na hata vibao vya kutundikwa mbele ya nyumba za watu. Hilo la vibao tutalirudia, kwa sababu lina uzito kuliko linavyosikika.

Mashariki, kijiji kinaishia kwenye barabara iitwayo Austin Boulevard. Ukiivuka umeingia mtaa wa Austin, ndani ya jiji la Chicago. Treni ya njia ya Kijani hupita juu ya tuta, na vituo hufuatana kwa dakika chache chache: Cicero, Laramie, Central, Austin, kisha Ridgeland na Oak Park. Abiria wa dirishani huona nyumba za matofali zilizojengwa kwa ufundi mkubwa, na katikati yake viwanja vitupu mahali ambapo nyumba nyingine zilibomolewa, na maduka yaliyozibwa kwa mbao. Halafu, bila mto wala kilima kati yao, majani yanakuwa yamekatwa, maduka yako wazi, na watalii wanashuka na kamera kwenda kutazama nyumba alizochora msanifu majengo Frank Lloyd Wright. Vituo viwili tu vya treni.

Tofauti hiyo ilitengenezwa ofisini, kwa karatasi, na watu wanaojulikana, katika miaka inayojulikana. Anayesema watu wa makabila na rangi mbalimbali hukaa pamoja kwa sababu wanapendana, au hutengana kwa sababu ndiyo asili ya binadamu, na aitazame barabara hii.

Kwanza, undugu wao. Eneo lote hili lilikuwa tarafa moja, Cicero. Ndani yake walikuwamo Austin, Oak Park, Berwyn na Cicero yenyewe, watoto wa mama mmoja, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa jicho la kodi. Kitongoji cha Oak Park kilianza miaka ya 1830 kwa Joseph Kettlestrings, Mwingereza wa Yorkshire aliyefika na mkewe Betty, na ambaye baadaye alipendelea kuwauzia ardhi watu wa kanisa na shule wasiotaka vilabu vya pombe. Mwiko wa pombe ulidumu mpaka miaka ya 1970. Chicago ilipoungua mwaka 1871, familia zenye uwezo zilihamia huko kwa wingi. Mwaka 1899 wapiga kura wa sehemu nyingine za tarafa walichoshwa na ubabe wa Austin, wakapiga kura kuikabidhi kwa jiji la Chicago, ingawa watu wa Austin wenyewe walikataa. Miaka miwili baadaye Oak Park nayo ikapiga kura ya kujitenga, na mwaka 1902 ikawa kijiji chenye serikali yake.

Ndugu wamegawana nyumba, basi. Nusu karne baadaye wote waliulizwa swali moja: familia ya kwanza ya Weusi ikija kupanga au kununua hapa, mtafanya nini?

Sisi tuliorithi miji yenye Uzunguni, Uhindini na Uswahilini tunaweza kudhani tunalijua jambo hili. Kwetu mkoloni alichora mstari kwenye ramani na kila mtu akauona. Chicago haikuwa na mstari wa namna hiyo, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kuupinga. Kazi ilifanywa na hati za nyumba zilizokuwa na kifungu cha kumkataza mwenye nyumba asimuuzie Mweusi, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani iliposema mwaka 1948 kwamba mahakama haziwezi kulazimisha vifungu hivyo. Ilifanywa pia na serikali kuu, ambayo tangu mwaka 1934 ilidhamini mikopo ya nyumba lakini ikawa inaviepuka vitongoji vyenye Weusi kwa madai kwamba ni vya hatari. Na penye mwanya uliobaki, akasimama dalali.

Cicero ilijibu swali lake Julai 1951. Harvey Clark, dereva wa basi aliyekuwa amepigana Vita ya Pili ya Dunia, alipanga nyumba huko pamoja na mkewe na watoto wawili. Umati wa maelfu ulilizingira jengo, ukatupa samani zao dirishani, ukazichoma, na gavana Adlai Stevenson akalazimika kuleta askari wa Walinzi wa Taifa. Baraza la mashtaka lilipokaa, halikuwashtaki wachomaji. Lilimshtaki mwenye jengo, na hata wakili aliyewatetea Clark.

Msomaji asidhani Oak Park ilikuwa na malaika. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo baruti ilikuwa imelipuka kwenye bustani ya nyumba moja ya East Avenue, na mwenye nyumba hiyo alikuwa mmoja wa wanakemia wakubwa wa karne ile.

Percy Julian alizaliwa Montgomery, Alabama, mwaka 1899. Alisimulia kwamba babu yake, aliyekuwa mtumwa, alikatwa vidole viwili kwa kosa la kujifunza kuandika. Mjukuu alikwenda chuo cha DePauw, Indiana, ambako alikuwa akihudumia meza na kulala darini kwenye nyumba ya wanafunzi wazungu, akamaliza wa kwanza katika darasa lake mwaka 1920. Shahada ya uzamivu aliipata Vienna mwaka 1931. Mwaka 1935 alifaulu kutengeneza maabarani fisostigmini, dawa ya ugonjwa wa macho wa presha. Taasisi moja ya mji wa Appleton, Wisconsin, ilitaka kumwajiri, ikashindwa kwa sababu mji ule ulikuwa haumruhusu Mweusi kulala ndani ya mipaka yake. Kampuni ya Glidden ikamchukua kufanya kazi Chicago, na kutoka kwenye maharage ya soya Julian akatoa povu la kuzimia moto lililookoa mabaharia vitani, kisha homoni za projesteroni, na njia ya kutengeneza dawa za jamii ya kotisoni kwa gharama nafuu. Mgonjwa wa baridi yabisi aliyepata nafuu miaka ile huenda alikuwa na deni kwake bila kumjua.

Mwaka 1950 alinunua nyumba kubwa Oak Park. Ofisa wa maji wa kijiji alikataa kumfungulia maji mpaka alipotishiwa mahakama. Novemba, siku za sikukuu ya Shukrani, kabla familia haijahamia, watu walimwaga petroli ndani ya nyumba na kujaribu kuichoma. Juni 12, 1951 baruti ilirushwa kutoka kwenye gari, ikalipuka chini ya dirisha la chumba cha watoto. Watoto hawakuumia. Wazazi hawakuwapo, walikuwa wamekwenda kumzika baba yake Julian. Baada ya hapo, mtu aliyekuwa akiombwa ushauri na maabara za nchi nzima alikuwa akikaa nje usiku na bunduki, mwanawe pembeni, akilinda mlango wake.

Hakuhama. Baadhi ya majirani waliunda kikundi cha kumuunga mkono, wengine walinyamaza. Napenda kukaa kidogo kwenye jambo hilo la kutohama, kwa sababu yote yaliyofanywa na kijiji baadaye yalikuwa namna ya kuwashawishi Weupe wafanye kitu ambacho Julian alikifanya kwa baruti dirishani: kubaki.

Austin haikupata nafasi ya kujibu kwa utulivu. Mwaka 1960 karibu wakazi wake wote walikuwa Weupe. Mwaka 1980 takriban robo tatu walikuwa Weusi. Miaka ishirini. Mtu akiangalia tarakimu hizo juu juu atasema Weupe walikimbia kwa chuki, na chuki ilikuwapo kweli. Lakini chuki peke yake haiuzi nyumba kwa kasi ile. Dalali alikuwa akipiga simu usiku na kumwambia mama wa nyumbani kwamba jirani yake wa tatu ameshauza kwa Weusi, na bei ya leo hataipata kesho. Wengine walimlipa mwanamke Mweusi asukume kigari cha mtoto mtaani mchana kutwa. Mzungu mwenye hofu aliuza kwa bei ya kutupa. Wiki mbili baadaye nyumba ile ile iliuzwa kwa familia ya Weusi kwa bei ya kulangua, na kwa kuwa benki haikutaka kuwakopesha, waliuziwa kwa mkataba wa awamu: hati inabaki kwa muuzaji mpaka senti ya mwisho, na ukikosa mwezi mmoja unatolewa bila kurudishiwa chochote. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulikadiria kwamba mikataba ya namna hiyo ilizinyang'anya familia za Weusi wa Chicago kati ya dola bilioni 3 na bilioni 4 katika miaka ya 1950 na 1960. Kwa hiyo viwanja vitupu vinavyoonekana kutoka kwenye treni si matokeo ya watu wasiojua kutunza nyumba. Ni fedha ya matengenezo iliyochukuliwa kabla paa halijaanza kuvuja.

Mtaa kwa mtaa, wimbi hilo lilikuwa likielekea magharibi. Oak Park iliweza kuhesabu lingefika lini.

Mabadiliko ya ndani yalianza na muziki. Mwaka 1963 mpiga fidla Mweusi alizuiwa kupiga na okestra ya pale, na kondakta Milton Preves akajiuzulu. Mwaka uliofuata wakazi wengi walitia saini tangazo kwenye gazeti la kijiji, Oak Leaves, wakidai kila mtu awe na haki ya kuishi anapotaka. Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa, wiki moja baadaye Rais Johnson alitia saini sheria ya makazi ya haki, na mwezi Mei baraza la Oak Park likapitisha sheria yake yenyewe, mbele ya kumbi zilizojaa watu waliokuwa wakiipinga kwa sauti. Hata hivyo sensa ya 1970 ilikuta Weusi hawafiki asilimia moja ya wakazi. Sheria ya kumruhusu mtu kuingia ilikuwa hatua ya kwanza. Kilichokuwa kimeiua Austin kilikuwa hofu ya waliomo.

Hapo ndipo anapoingia Roberta Raymond, mtoto wa Oak Park aliyesomea sosholojia. Mwaka 1972, katika chumba kilichotolewa na kanisa, alifungua ofisi ya kuwatafutia watu nyumba za kupanga. Kazi yake ilikuwa rahisi kuisema na ngumu kuifanya. Mpangaji Mweupe aliyekuja akitaka magharibi ya kijiji alionyeshwa majengo mazuri ya mashariki, karibu na Austin, mahali ambapo kila mtu alidhani Weupe wameshaacha kwenda. Mpangaji Mweusi alionyeshwa kijiji kizima ili asisukumwe kwenye mitaa ile ile michache. Hakuna aliyelazimishwa, ila kila mmoja alipelekwa kuona mahali ambapo asingefikiria mwenyewe.

Baraza nalo likafanya yake. Lilipiga marufuku vibao vya "Inauzwa" mbele ya nyumba. Kwetu Dar es Salaam watu huandika ukutani kwa rangi nyekundu kwamba nyumba hii haiuzwi, wakijikinga na matapeli. Oak Park walijua kibao kimoja kinaweza kuzaa kumi kwa wiki, kwa sababu kila kibao humwambia jirani kwamba wenzako wanaondoka. Mwaka 1977 Mahakama Kuu, katika kesi ya mji mwingine, ilisema marufuku za aina hiyo zinavunja uhuru wa kujieleza. Madalali wa Oak Park waliendelea kutovitundika kwa hiari yao. Makao mapya ya serikali ya kijiji, yaliyokamilika mwaka 1975, yalijengwa upande wa mashariki, mitaa michache kutoka Austin Boulevard, ili kila mtu aone kwamba serikali yenyewe haihami. Shule za msingi zilipangwa upya mwaka 1976 ili asibaki mtoto kwenye shule ya rangi moja.

Ninachokipenda kuliko vyote ni bima ya mwaka 1978. Mwenye nyumba alijiandikisha, nyumba ikathaminiwa, na kijiji kikaahidi kwamba akikaa walau miaka mitano kisha akauza kwa hasara, kitamfidia asilimia 80 ya hasara hiyo. Waliojiandikisha walikuwa wachache, na hakuna aliyewahi kulipwa. Bei hazikuporomoka. Ile kauli ya dalali kwamba Mweusi akiingia nyumba inashuka thamani, kauli iliyoitikisa nchi nzima na kuandikwa kwenye kanuni za serikali, iliwekewa dau hadharani na kijiji kimoja, ikashindwa.

Kufikia mwaka 2000 zaidi ya mtu mmoja kati ya watano Oak Park alikuwa Mweusi, wakiwa wamesambaa kijiji kizima, na Weupe hawakukimbia. Mazoea hayo ya kuishi na asiyefanana nawe yalifungua na milango mingine: mwaka 1997 kijiji kilianza kuwaandikisha rasmi wapenzi wa jinsia moja, cha kwanza kufanya hivyo Illinois, na mwaka huo huo Joanne Trapani, aliyejitangaza wazi kuwa msagaji, alichaguliwa kwenye baraza, kisha mwaka 2001 akawa rais wa kijiji. Shule moja ya kijiji sasa inaitwa Percy Julian.

Nimekisifu kijiji hiki kwa moyo wote. Sasa niseme na linaloniuma.

Mpango mzima ulijengwa ili kutuliza hofu ya Weupe. Familia ya Weusi ndiyo iliyotakiwa isilundikane, isionekane nyingi, ije kwa kipimo. Kuna wakati katika miaka ya 1970 lilitolewa wazo la kuweka kiwango rasmi, Weusi wasizidi asilimia 30 katika mtaa mmoja, na baraza likalikataa, kwa heshima yake. Lakini wazo hilo lilisemwa kwa sauti na watu waliojiona marafiki. Mtu aliyefukuzwa kila mahali akija kwako, halafu ukaanza kuhesabu wangapi kama yeye unaweza kuwavumilia, hata ukimpa ufunguo ana haki ya kukutazama usoni. Nikipima, naona Raymond na wenzake walichagua lililowezekana, na mbadala wake ulikuwa Austin ya pili. Nawaelewa, na bado naiona gharama hiyo na nani aliyeilipa.

Kisha kuna shule ya sekondari, Oak Park na River Forest. Langoni watoto wa rangi zote huingia pamoja. Kwa miaka mingi, kengele ikilia, wengi wa Weupe waliingia madarasa ya wanaoitwa bora na wengi wa Weusi wakaingia madarasa mengine. Mwaka 2022 shule ilianza kuwachanganya wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika masomo makuu, na wazazi wengine waliokuwa wakisifu mchanganyiko wa kijiji chao wakawa wa kwanza kulalamika. Kukaa mtaa mmoja kulikuwa nusu ya safari.

Na sasa amekuja mgeni asiyekamatwa na sheria ya 1968: bei. Kodi ya majengo Oak Park ni mzigo mkubwa hata kwa mwalimu na muuguzi walioajiriwa vizuri. Sehemu ya Weusi katika wakazi imeshuka chini ya asilimia 20 katika sensa ya 2020, huku Walatino na Waasia wakiongezeka. Hakuna baruti, hakuna dalali wa usiku. Mkataba unaisha, pango linapanda, na familia inafunga mizigo kimya kimya. Kijiji kilichotumia kipaji chote hicho kuwazuia Weupe wasiondoke kina wajibu ule ule leo kwa Weusi wasioweza kubaki, na sijaona bado kikiutekeleza kwa ari ile ya mwaka 1978.

Halafu ipo ile barabara. Mitaa kadhaa ya Oak Park inayoelekea Austin Boulevard imezibwa mwishoni. Gari haipiti, panapandwa miti na maua. Kijiji kilisema ni kwa ajili ya kupunguza magari na wizi. Ukisimama upande wa Austin ukatazama, unaona maua mazuri sana yaliyopandwa ili wewe usipite. Watoto wa mama mmoja, ndugu aliyepigiwa kura kutolewa nyumbani mwaka 1899, bado anatazama ua huo kila asubuhi.

Ofisi ya Raymond iliendelea kwa miongo mingi, na kwenye jina lake iliongezewa neno la kuonyesha kwamba inahudumia eneo lote, si kijiji peke yake. Naamini jina hilo lichukuliwe kwa uzito wake. Ile bima ya kumfidia mwenye nyumba, ile mikopo ya kukarabati majengo ya wapangaji, yale makubaliano ya kuzuia hofu isiuzwe, vyote vilifanya kazi magharibi ya Austin Boulevard. Mashariki yake kuna nyumba za matofali zilizojengwa miaka ile ile, na mafundi wa aina ile ile, na mabibi waliolipa mkataba wa awamu mpaka senti ya mwisho na hati wanazo kabatini. Chicago na Oak Park wakikaa meza moja, kazi inaweza kuanzia kwenye mitaa iliyozibwa: kung'oa kizuizi cha kwanza na kufungua dawati la ofisi hiyo upande wa pili.